Mume wangu anajiandaa kwa mashindano ya MMA, nami siwezi kumtazama

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 29, naishi Morogoro na mume wangu, ambaye ni fundi wa magari. Tumeoana miaka mitatu iliyopita na bado hatujajaliwa mtoto. Sijawahi kumlalamikia mume wangu kwa mtu yeyote, hata kwa mama yangu mzazi, kwa hiyo mkono unaniwia mzito ninapoandika haya.

Mume wangu alianza mazoezi ya ngumi kabla hatujajuana, kisha akahamia mchezo wa MMA, yaani mapigano mseto yanayochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali. Kwa muda mrefu niliyachukulia kuwa mazoezi ya kuweka mwili sawa. Mambo yalibadilika Oktoba 2025, ligi ya kimataifa ya MMA iitwayo PFL ilipoleta mashindano yake ya Afrika mjini Kigali, katika ukumbi wa BK Arena. Siku ile hakubandua macho kwenye simu, na asubuhi yake akaniambia kwamba Kigali ni kwa jirani tu, na kwamba hata Francis Ngannou alichimba mchanga kijijini kwao Cameroon kabla ya kuwa bingwa wa dunia. Sasa amejiandikisha kwenye mashindano ya ridhaa yatakayofanyika Dar es Salaam mwezi ujao. Katika uzito wake watakuwa wanane, na atakayetwaa ubingwa atakuwa amepigana mara tatu katika siku mbili.

Shangazi, mimi siwezi kuangalia mtu akipigwa. Tangu utotoni nilikuwa nikitoka nje kaka zangu walipoweka picha za kupigana. Kimbilio langu ni filamu za mapenzi ya zamani, na hasa ile ya mwaka 2005 iliyotengenezwa kutokana na riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice. Nimeitazama mara nyingi kiasi cha kujua mvua itaanza kunyesha dakika gani. Nampenda yule Darcy kwa sababu anampenda mwanamke mmoja kwa moyo wake wote, naye mwishowe anapata maneno ya kumwambia. Mume wangu hana maneno. Tangu tuoane sidhani kama ameniambia zaidi ya mara mbili kwamba ananipenda.

Wiki mbili zilizopita alirudi mazoezini akanikuta nikiitazama. Alisimama mlangoni kidogo, akasema huo ni upuuzi, mwanamume amevaa koti refu, anazungukazunguka mashambani saa mbili nzima bila kufanya kazi yoyote. Niliumia, nikamjibu kwamba afadhali huyo kuliko mtu mzima anayekwenda kupigana mbele ya watu kama mnyama. Hakunijibu. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Kinachonitesa zaidi ni chakula. Nikirudi kazini napika, naandaa mezani, naye anasema ameshiba au anakula vijiko viwili. Anasema anapunguza uzito, lakini mimi naona amekataa mkono wangu. Jumapili iliyopita nilifungua mlango wa bafu nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, amejifunika blanketi, mbele yake sufuria ya maji ya moto inafuka, macho yamemwingia ndani. Nilifunga mlango nikaenda kulia chumbani. Kabla ya hapo, kuna jioni aliniletea zile bendeji ndefu za kufungia mikono, akanyoosha mkono wake mbele yangu akaniomba nimfunge, kwa kuwa kifundo kilikuwa kinamuuma. Nilimwambia amtafute mwalimu wake.

Rafiki yangu mmoja kazini ananionya kwamba mwanamume anayefundishwa kupiga ipo siku atanipiga na mimi. Hajawahi kuninyooshea hata kidole, lakini maneno hayo yameniingia. Mume wangu ameniomba mara moja tu niende Dar es Salaam nikamshangilie, nikakataa. Je, nimzuie asishiriki? Au nimwache aende peke yake, nami nibaki na filamu zangu?

Mke mwenye hofu, Morogoro


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi, na kila nilipofika kwenye ile habari ya bafuni nilisimama. Nitakueleza ninavyoona: hofu yako umeiweka pale ambapo hatari ni ndogo kuliko unavyodhani, na pale penye hatari ya kweli umeweka hasira.

Nianze na ulingo. Nahisi picha iliyo kichwani mwako ni ya mchezo huu ulivyokuwa mwanzoni, na picha hiyo ilikuwa ya kutisha kweli. Tarehe 12 Novemba 1993, huko Denver, Marekani, wanaume wanane waliingizwa kwenye ulingo wa wavu usiku mmoja, bila mgawanyo wa uzito na bila majaji, na katika pambano la kwanza kabisa jino la mtu liliruka kwa teke. Bondia mmoja alipanda akiwa amevaa glovu mkono mmoja tu, kwa sababu hakuna aliyejua vizuri mchezo huo ni mchezo gani. Aliyeshinda alikuwa Royce Gracie wa Brazil, kijana mwembamba, na wapinzani wake wote watatu wa usiku ule walisalimu amri kwa kugonga.

Neno hilo, kugonga, ndilo ninaloomba ulijue kabla ya mengine yote. Mpiganaji aliyekabwa akiona hawezi tena humgonga mpinzani wake kwa kiganja, au hugonga sakafu, na mpinzani hutakiwa kumwachia mara moja. Mume wako hufanya hivyo jioni zote anazokwenda mazoezini: anakabwa anagonga, anakaba anagongwa anaachia. Mchezo wenyewe nao umepata kanuni. Katika MMA ya ridhaa chini ya shirikisho la kimataifa, IMMAF, pambano huwa la raundi tatu za dakika tatu tatu, wapiganaji huvaa kinga za miguu, na kupiga kwa kiwiko ni marufuku. Refa husimama hatua mbili tatu kutoka kwao, na kazi yake kubwa ni kusimamisha pambano mapema.

Sisemi kwamba hakuna madhara. Kichwa kinachopigwa mara kwa mara kwa miaka mingi huharibika, na hakuna kanuni inayoondoa jambo hilo. Mtu aliyepigwa akapoteza fahamu hapaswi kurudi kwenye mazoezi ya kupigwa mpaka daktari amruhusu, hata akidai kwamba anajisikia mzima. Una haki ya kumdai mumeo ahadi hiyo, tena aitoe mbele ya mwalimu wake. Kwa kuwa huenda akapigana mara tatu katika siku mbili, muulize kama kuna daktari atakayewapima kati ya pambano na pambano. Wakishindwa kukujibu swali hilo, basi mashindano hayo si ya kwenda, na hapo nitakuunga mkono ukimzuia.

Sasa turudi bafuni, kwa sababu ndiko kulikonikosesha usingizi. Ulichokiona Jumapili ile, mwanangu, ni mtu anayejikausha maji ili mizani isome kilo anazozitaka. Hufanyika sana katika michezo inayopima uzito, na wapiganaji huliona kuwa jambo la kawaida, lakini linaua. Desemba 2015, mjini Manila, kijana wa China aitwaye Yang Jianbing, mwenye umri wa miaka 21, alifariki akiwa katika kupunguza uzito, kabla hata ya kupanda ulingoni. Waandaaji wa shindano lile baadaye walipiga marufuku kupunguza uzito kwa kujikausha, wakaanza kupima kama mpiganaji ana maji ya kutosha mwilini. Kijana huyo hakuuawa na ngumi ya mtu.

Hatari kwa mumeo ni kubwa zaidi ikiwa uzito utapimwa asubuhi ya siku ile ile ya pambano, kama ilivyo kawaida katika ridhaa, kwa kuwa hatapata muda wa kuyarudisha maji aliyoyatoa. Atapigwa kichwani akiwa mkavu. Tena Jumapili uliyomkuta ilikuwa bado wiki kadhaa kabla ya shindano, jambo linaloonyesha kwamba kilo anazozilenga hazimfai. Mwambie apande daraja moja la uzito, apigane na wenye kilo nyingi zaidi. Zungumza na mwalimu wake, na asipokusikiliza mpeleke mumeo hospitali akaambiwe na daktari. Ukiona anapata kizunguzungu, mkojo umekuwa wa rangi ya chai, moyo unamwenda mbio au jasho limeacha kutoka wakati bado yuko kwenye mvuke, usiufunge mlango. Mtoe, mpe maji kidogo kidogo, itafute bodaboda au gari mwende hospitali. Hapa hakuna cha kumheshimu mume na uamuzi wake.

Kwa hiyo chakula chako hakijakataliwa, mwanangu. Mtu yule ana njaa. Anakaa mezani mbele ya wali ulioupika wewe, anausikia harufu yake, anakula vijiko viwili anaondoka. Nadhani jioni hizo ni ngumu kwake kuliko mazoezi yenyewe, na amekosa namna ya kukueleza.

Rafiki yako wa kazini namjibu hivi. Wapo wanaume wanaopiga wake zao ambao hawajawahi kuvaa glovu, na wapo wapiganaji ambao nyumbani hawapandishi hata sauti. Usimpime mume kwa mchezo wake, mpime kwa anavyokutendea anapokasirika. Ulimwita mnyama na hakukujibu, aliondoka. Lakini siku atakapokunyanyulia mkono, hata mara moja, hutasubiri ya pili wala hutaniandikia mimi kwanza. Utaondoka, utawaambia wazee wa pande zote mbili, na utakwenda kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.

Nije kwenye filamu yako, ambayo naipenda kama wewe, na sikubali iitwe upuuzi. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1813, nayo inahusu nyumba yenye mabinti watano ambayo baba akifa inakwenda kwa ndugu wa kiume, kwa sababu ndivyo urithi wake ulivyofungwa. Mwanamke asiyeolewa katika hali hiyo hana pa kulala. Mumeo angeelezwa hayo asingesema kwamba watu wale wanazungukazunguka mashambani tu. Fundi wa magari anajua maana ya kukosa kodi ya nyumba.

Ila nawe nadhani umeitazama mara nyingi na bado kuna kitu kimekupita. Unasema unampenda Darcy kwa sababu anapata maneno. Kumbuka maneno yake ya kwanza yalivyokuwa. Katika riwaya anaposa mara ya kwanza ndani ya nyumba; watengenezaji wa filamu wakaitoa posa hiyo nje, kwenye mvua ile uijuayo kwa dakika. Anamwambia Elizabeth, mmoja wa mabinti wale watano, kwamba anampenda, na papo hapo anamweleza jinsi alivyopambana na nafsi yake kwa sababu ukoo wa kina Elizabeth ni duni. Mapenzi na dharau vimo katika pumzi moja, naye anakataliwa, kwa haki kabisa. Kilichomsaidia baadaye ni barua. Aliandika yale ambayo ana kwa ana aliyaharibu, akaikabidhi mkononi mwake, akaondoka.

Na muda mrefu kabla ya mvua ile kuna kile kipande kifupi cha gari la farasi. Elizabeth anaondoka baada ya kumuuguza dada yake, Darcy anamshika mkono kumpandisha garini, halafu anageuka na kwenda zake bila kusema neno. Kamera inashuka kwenye mkono wake, nao unaonekana vidole vikitanuka na kunyooka, kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Hapo hana maneno hata moja, na mtazamaji anajua kila kitu. Katika Uingereza ya wakati ule, kijana na msichana wasiooana kugusana kiganja kwa kiganja lilikuwa jambo zito, kama ambavyo bibi zetu wangeshangaa kuona mchumba anazungumza na binti bila mshenga. Kuelekea mwisho, alfajiri uwandani, ni mkono huo huo ambao Elizabeth anaushika na kuubusu.

Mume wako alikuja mbele yako na bendeji, akanyoosha mkono, akaomba umfunge. Angeweza kumwomba mwalimu wake, angeweza kujifunga mwenyewe kama anavyofanya siku zote. Alikuletea wewe mkono unaouma. Mwanangu, sijui kama kuna namna iliyo wazi zaidi kwa mwanamume asiye na maneno, na nasikitika kwamba siku ile hukuiona. Sikulaumu. Ulikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huona glovu tu.

Lakini yeye naye asijifiche nyuma ya ukimya wake. Alilitukana jambo unalolipenda, na anapaswa kukuomba radhi, kama wewe unavyopaswa kumwomba radhi kwa neno mnyama. Hilo la kwako ni zito zaidi, kwa sababu yeye alidharau filamu na wewe ulimdharau yeye. Anza wewe. Ikiwa ulimi umefungwa, mwandikie. Barua uliyoniletea mimi karibu yote ni yake: kwamba unamwogopea, kwamba ulilia chumbani, kwamba wali unaobaki sahanini unakuumiza. Inakili kwa mkono wako, ondoa la rafiki wa kazini, ongeza ombi la kupanda uzito, uiweke juu ya begi lake la mazoezi. Mwambie pia kwamba mara mbili katika miaka mitatu ni chache. Atakapokuwa amesoma, mwombe atazame nawe kipande cha gari la farasi peke yake, hakifiki hata dakika moja, usimweleze chochote.

Kuhusu kwenda Dar es Salaam, sitakulazimisha ukae ukumbini. Kuna wake wa wapiganaji wanaokaa nje mpaka wasikie matokeo, na hilo si aibu. Hata hivyo kuna kazi moja ambayo ningependa uifanye kabla ya siku hiyo: umjue mtu atakayekaa kwenye kona ya mumeo akiwa ameshika taulo, ambalo likirushwa ulingoni pambano husimamishwa. Tarehe 1 Mei 2000, katika ukumbi wa Tokyo Dome, yule yule Royce Gracie alipigana na Mjapani Kazushi Sakuraba kwa dakika 90. Miguu yake ilikuwa imeumizwa kwa mateke, na yeye mwenyewe hakugonga. Aliyelimaliza pambano ni kaka yake, Rorion, kwa kurusha taulo. Usiku huo huo Sakuraba, akiwa ameshinda pambano la saa moja na nusu, alirudi ulingoni kumkabili mtu mwingine, Igor Vovchanchyn, na baada ya raundi moja watu wa kona yake mwenyewe wakasema basi. Wanaume wawili mashujaa, na wote wawili usiku ule waliokolewa na watu wao waliowajua kuliko walivyojijua wenyewe.

Nenda ukamwone mwalimu wake kituoni, jioni, kabla ya mazoezi kuanza. Msalimie kwa heshima, ukae naye, umuulize ni nani atakayeshika taulo na ni lini atairusha. Mtazame usoni anapojibu. Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa, na atakueleza kwa utaratibu. Akicheka, au akikwambia kwamba vijana wake hawarushiwi taulo, mrudishe mumeo nyumbani siku hiyo hiyo na umwambie Shangazi ndiye aliyekataa.

Yakienda vizuri, panda naye basi. Asubuhi ya kupima uzito uwe nje ya mlango na begi la chakula, kwa sababu atakapotoka kwenye mizani atakuwa huru kula, na ingependeza akila chako. Usimpelekee pilau. Mpe kwanza maji yenye chumvi na sukari kidogo, anywe polepole, kisha uji mwepesi wa mchele kwenye chupa ya chai ili ukae na joto, ndizi mbivu mbili, na baadaye kidogo wali mweupe na samaki asiye na mafuta mengi. Halafu umfunge bendeji. Anzia kwenye kifundo, zungusha mara tatu, na umuulize kama umekaza sana.